Prado ya Baba Iacheni Nyumbani

Barua ya wiki hii imetoka Ibra, imeandikwa kwa pupa na kwa kulalamika, kama barua nyingi za msimu wa matokeo:

"Dada, nimemaliza darasa la 12 na nimepata chuo Nizwa. Nina miaka 18, nasoma gari, mtihani wa kurudi nyuma kwenye mapipa nimeshapita, imebaki mtihani wa barabarani. Nyumbani hapakaliki. Baba anasema nichukue Prado yake kuukuu kwa sababu chuma kinalinda. Kaka zangu wameniletea picha ya gari ya wared kutoka Marekani, nzuri hiyo, bei nusu. Mama anataka gari mpya, ndogo kuliko zote, tuilipe kidogo kidogo benki. Mimi nataka nyeupe tu, yenye Bluetooth. Nani yuko sawa?"

Mdogo wangu, uliye sawa ni wewe, lakini kwa rangi peke yake. Nyeupe haili joto kama nyeusi, na magharibi huonekana mbali. Hao watatu waliobaki kila mmoja ameshika ncha ya ukweli, na mama yako ndiye aliyekaribia zaidi. Njooni tukae, nanyi wa Sur, Bidiyah, Bahla na Izki mkaribie, maana najua mna vita hivi hivi majumbani.

Ushauri mwingi wa gari ya kwanza umetungwa na watu wa mjini kwa ajili ya watu wa mjini. Watakwambia utafute gari fupi, rahisi kuegesha, isiyokunywa petroli. Kwa msichana anayekaa Ruwi na chuo chake kiko Al Khoudh, si ushauri mbaya. Yeye atakwaruza bampa kwenye maegesho ya maduka, atalia, atatengeneza. Wewe huendi huko. Wewe ukitoka Ibra ama utashika barabara kuu ya Bidbid, upite mahandaki ya Wadi al-Aq, halafu ugeuke kufuata barabara ya Nizwa. Ama utakata kwa Mudhaibi na Sinaw mpaka utokee Izki. Mwenzako wa Sur atafuata pwani, Tiwi na Quriyat, kwenda Muscat. Barabara zetu kubwa zimewekewa 120, na wapo wanaoona kwenda 120 ni aibu. Kwa hivyo gari yako ya kwanza haichaguliwi kwa kuegesha. Inachaguliwa kwa yale yatakayotokea ukiwa 120, peke yako, Alhamisi jioni, na nyuma yako kuna Land Cruiser inakupigia taa uipishe.

Wazee wetu wanapenda kutukumbusha kwamba mwaka 1970 lami ya nchi nzima ilikuwa kama kilomita 10 tu. Barabara tumezipata, nzuri, na spidi ikaja pamoja nazo. Mwaka 2012 watu zaidi ya 1,100 walikufa barabarani Oman. Tangu hapo idadi imeshuka sana. Mwaka 2023 haikufika 600. Kushuka huko kumetokana na rada, sheria kali zaidi, mikanda, na magari yaliyoundwa vizuri zaidi. Hilo la mwisho ndilo lililo mkononi mwako leo.

Sasa tuanze na baba, kwa heshima zake.

Anaposema chuma kinalinda hakosei moja kwa moja. Gari mbili zikigongana, iliyo nyepesi ndiyo huumia zaidi, na watu waliomo ndani yake huumia nayo. Kule Marekani kuna taasisi inaitwa IIHS, inayolipiwa na makampuni ya bima, ambayo kazi yake ni kugongesha magari ukutani na kupima kilichobaki. Kila mara hutoa orodha ya magari yanayofaa vijana wanaoanza, na katika orodha hiyo huziacha gari ndogo zenye uzito chini ya ratili 2,750, yaani kama kilo 1,250. Kwa hiyo uzito una maana. Mama asikie hapo.

Lakini Prado ya baba ni ya mwaka gani? Kama ni ile ya zamani ambayo mlango wake wa nyuma unafungwa kwa kuupiga teke, basi uzito wake hautakusaidia katika ajali nyengine ambayo huwapata wanaoanza, isiyo ya kugongana. Ajali yenyewe huwa hivi. Gari inakwenda vizuri. Dereva anageuza kichwa kidogo, labda simu imelia, na mpira wa kulia unateremka kwenye changarawe pembeni ya lami. Anashtuka, anavuta usukani kushoto kwa nguvu. Gari inarudi lamini kwa ghafla, mkia unachapa, na gari ndefu kwenda juu kama Prado inapinduka. Hakuna aliyemgonga, na lami ni kavu. Mtu mzoefu angelegeza mguu, angeacha spidi ishuke, kisha angerudi taratibu. Anayeanza hana mkono huo bado, na haupatikani kwenye mapipa.

Kwa ajali hiyo kuna kifaa ambacho mimi nakiweka mbele ya rangi, kioo cha kugusa, na hata jina la kampuni. Ni mfumo wa kielektroniki wa kuzuia gari isiteleze. Utaukuta kwa herufi ESC, ESP au VSC, kwa kuwa kila kampuni ina jina lake. Gari ikianza kwenda kusikoelekezwa na usukani, mfumo huo hushika breki gurudumu moja moja, hili kidogo, lile zaidi, mpaka pua irudi njiani. Uchunguzi wa IIHS umeonyesha kwamba unapunguza karibu nusu ya ajali za vifo zinazohusu gari moja peke yake, yaani hizo za kuteleza na kupinduka. Marekani imeulazimisha kwa magari yote madogo tangu matoleo ya 2012, na Ulaya ikamaliza kulazimisha mwaka 2014. Kwetu Ghuba msikisie. Kwa miaka mingi magari ya bei ya chini yameuzwa huku bila mfumo huo na kwa mifuko ya hewa miwili tu, ilhali ndugu yake wa jina hilo hilo, aliyepanda daraja moja, anayo yote. Kwa hivyo majirani wawili wa Ibra wanaweza kuwa na gari za jina moja, za mwaka mmoja, rangi moja, na moja ikawa salama kuliko nyengine.

Namna ya kujua ni rahisi na haina gharama. Washa ufunguo bila kuwasha injini, utazame dashibodi. Taa zote huwaka kidogo, halafu huzimika. Tafuta kijitaa chenye picha ya gari na alama za kuteleza chini ya matairi. Kikiwaka kikazimika, mfumo upo na mzima. Kisipowaka kabisa, ama haupo, ama kimefanywa kitu. Hapo hapo tafuta taa ya mifuko ya hewa, ile yenye mtu aliyekaa na mpira mbele ya kifua. Hiyo ikigoma kuwaka mwanzoni, ondokeni. Wapo mafundi ambao gari iliyogongwa ikishatapika mifuko yake hawarudishi mipya. Wanaziba usukani na kuikata ile taa ili mnunuzi asiulize.

Hapo nimeshawagusa kaka zako, basi tuwamalize.

Gari za wared, yaani zilizoagizwa kutoka Marekani, si zote mbovu, na nisingependa wauzaji waaminifu wanichukie. Nyingi zimeletwa kutoka minada ambako kampuni za bima huuza magari yaliyopata ajali, yaliyozama mafurikoni au yaliyoibwa yakapatikana. Huku hunyooshwa, hupakwa rangi, hung'arishwa, na picha yake kwenye simu ikawa ya kuvutia kuliko gari ya wakala ya miaka mitatu. Bei nusu ina sababu yake. Mtu mzima mwenye fundi wake wa kuaminika anaweza kuikubali hatari hiyo kwa macho wazi. Kwa mtoto anayejifunza, ambaye kinga yake yote iko kwenye zile sehemu za bati zilizoundwa zikunjike siku ya ajali, sikubali. Bati lililokwisha kukunjika likanyooshwa halikunjiki tena kama lilivyokusudiwa.

Kuna na jambo la joto. Magari yaliyotengenezwa kwa ajili ya Ghuba huwekewa rediata na kiyoyozi vya kuhimili majira yetu. Gari iliyoundwa kwa ajili ya mtu wa Chicago inaweza kuhema kwenye mpando wa Wadi al-Aq mwezi wa Juni, na wewe ukabaki pembeni ya barabara, bonneti imefunguliwa, simu mkononi.

Kaka zako wakishikilia, waambie wakupe namba ya shasi. Ina herufi na tarakimu 17, iko chini ya kioo cha mbele upande wa dereva. Kwa gari iliyotoka Marekani, namba hiyo ukiitafuta kwenye intaneti mara nyingi huibua ripoti yake na picha za mnadani, jinsi ilivyokuwa kabla ya rangi. Mshale wa spidi unaosoma maili ni dalili nyengine. Nimeona ukoo mzima ukinyamaza mbele ya picha moja ya namna hiyo. Hakuna aliyehitaji kubishana tena.

Na binamu yako wa Unguja, ambaye sina shaka ameshachangia, akikwambia ununue IST au Vitz kama yeye, mshukuru. Zile za kwao zinatoka Japani na usukani uko kulia, kwa sababu wanaendesha kushoto. Oman tunaendesha kulia, na gari ya usukani wa kulia hutaisajili. Hilo limekwisha.

Haya, mama.

Mama ana hoja mbili nzuri. Mpya ina dhamana, na ndogo haimpi msichana nguvu za kufanyia ujinga. Nakubaliana naye kabisa katika nguvu: vijana wa silinda sita na nane, wa kuchora duara kwenye lami usiku, nawaombea Mungu lakini siwashauri. Ninapotofautiana naye ni kwenye "ndogo kuliko zote". Gari za daraja la Picanto na i10 ni nzuri za mjini, zina uzito wa kama tani moja au pungufu. Zikipishana na lori la mawe kwenye barabara kuu unauhisi upepo wake kwenye usukani. Kwa pesa anayotaka kulipa mama kwa gari mpya ya namna hiyo, pamoja na faida ya benki ya miaka, mnaweza kupata ya miaka mitatu au minne ya daraja lililo juu yake: Corolla, Elantra, Cerato, Mazda 3. Kwa wanaoanza katika njia zetu hii ndiyo ndogo inayofaa. Si kubwa ya kukushinda kuegesha Suq Nizwa siku ya Ijumaa, na si nyepesi ya kuchezewa na upepo wa malori.

Na kama pesa haifiki hapo? Basi shukeni daraja moja, kwa Yaris, Accent au Sunny, lakini mshuke kwa masharti. Chukueni iliyo mpya zaidi mnayoweza, yenye ule mfumo wa kuzuia kuteleza na mifuko ya hewa ya pembeni, hata kama ina kilomita nyingi. Kilomita za barabara kuu haziui injini iliyobadilishwa mafuta kwa wakati. Mimi ningechukua Yaris yenye kilomita 120,000 na mifuko sita kuliko nyengine yenye 40,000 na mifuko miwili. Baba atasema nimechanganyikiwa. Mwache aseme.

Petroli isiwasumbue sana kichwa. Serikali iliweka ukomo wa bei tangu mwishoni mwa 2021, M95 baisa 239 kwa lita na M91 baisa 229. Gari ya daraja la Corolla ikila lita sita au saba kwa kilomita 100, ni kama riali moja na nusu. Prado itakula mara mbili yake. Mwisho wa muhula utaiona tofauti, lakini hiyo si sababu ya kuchagua gari. Ni nyongeza tu.

Sasa mabonde. Hapa sitanii.

Tarehe 14 Aprili 2024, huko Samad al-Shan, katika wilaya ya Mudhaibi, maji ya wadi yalisomba gari iliyokuwa na wanafunzi wakitoka skuli. Watoto waliokufa wamezikwa karibu na kwenu. Huenda unazijua nyumba zao. Silisemi hili ili kumhukumu mtu yeyote, nalisema kwa sababu kila gari ndogo inayonunuliwa Sharqiyah na Dakhiliyah itakutana na wadi siku moja, na anayeendesha atakuwa na haraka. Maji yanayokwenda, yenye kina cha sentimita 30 hivi, yanatosha kuinyanyua na kuisukuma gari ndogo. Kina cha sentimita 60 huchukua hata zile kubwa, Prado ya baba ikiwemo. Wengi hudhani hatari ni injini kuingia maji. Gari ni boksi lililojaa hewa; maji yakifika chini ya sakafu huanza kuinyanyua, matairi yanapoteza kushika, na hapo breki na usukani havina kazi tena. Zile nguzo za rangi nyekundu na nyeupe kwenye vivuko zimewekwa zikuonyeshe kina. Kama maji yanakwenda, wewe na gari yako ndogo mnasimama upande huo huo mliopo, hata kama pikapu tatu zimevuka mbele yenu na mtu anakupungia mkono. Kuvuka wadi inayotiririka ni kosa la kisheria pia, lakini faini ni jambo dogo kuliko yote hapo. Mwalimu wa chuo atasikiliza. Asiposikiliza, mtihani hurudiwa.

Na usisahau kwamba wadi hushuka hata pale ulipo ikiwa jua linawaka. Mvua imenyesha milimani saa moja nyuma, wewe huijui.

Ngamia nao. Unatoka Sinaw, nyumbani kwa soko la ngamia la Alhamisi, unapita ukingoni mwa mchanga. Usishangae wakiwa barabarani. Mchana utawaona. Usiku ngamia ana rangi ya mchanga, na taa zako zikimfikia huna tena nafasi ya kusimama ikiwa unakwenda 120. Gari fupi inampiga miguuni, na mwili wote wa mnyama huja juu ya kioo cha mbele na paa. Hakuna gari ya bei yenu iliyoundwa kwa pigo hilo. Kinga ni saa ya kusafiri. Kwa miezi sita ya mwanzo usiendeshe barabara ya nje ya mji baada ya magharibi, basi. Toka chuoni Alhamisi mchana, rudi Jumamosi kabla ya alasiri, usingoje alfajiri ya Jumapili ukiwa na usingizi na kipindi cha saa mbili. Baba akiweka sharti hili usimnunie. Akisahau kuliweka, liweke mwenyewe.

Matairi nayasemea peke yake kwa sababu ndiyo watu wanayoyafanyia ubahili baada ya kumaliza pesa kwenye gari. Ubavuni mwa tairi kuna namba nne ndani ya kiduara kirefu: 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Katika joto letu, ambapo lami ya Julai inachoma kandambili, mimi tairi iliyopita miaka mitano naihesabu imekwisha hata kama meno yake ni mazima; mpira huwa umekauka kwa ndani. Gari nyingi zinazouzwa zimevishwa matairi ya bei poa ili zipendeze tu. Ukikuta hivyo, punguzeni thamani ya matairi manne kwenye bei ya gari, na muyabadilishe kabla hujaenda nayo Nizwa hata mara moja. Upepo upime asubuhi, tairi zikiwa baridi, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye mlango wa dereva. Tairi yenye upepo pungufu ndiyo inayopasuka, ingawa vijana wengi wanaamini kinyume chake.

Mambo ya karatasi nitayapitia haraka. Tazameni kwenye mulkiya, kadi ya usajili wa gari, kama gari ina rahani ya benki. Faini za mwenye gari lazima ziishe kabla ya kuhamisha jina, kwa hivyo waulize mapema ni kiasi gani. Bima chukueni shamil, yaani bima kamili, kwa mwaka wa kwanza angalau, na kabla ya kulipa muulize swali moja tu: "Dereva wa miaka 18 mwenye leseni mpya, mkimlipa mnamkata kiasi gani?" Makampuni mengi huongeza sehemu ya kulipa mwenyewe kwa vijana na kwa leseni isiyotimiza mwaka, bora mlijue hilo dukani kuliko kwenye gereji. Na kama umefanya mtihani wa otomatiki, leseni yako ni ya otomatiki. Gari ya gia ya mkono ya ami yako usiiguse.

Leseni yenyewe ya mwanzo ni ya mwaka mmoja, na nukta nyeusi zinahesabiwa. Simu mkononi, mkanda, spidi, vyote vina nukta zake. Mkanda ni kwa wote, na wa nyuma pia, hata kama ni khalati yako mwenye kusema unamkunja buibui.

Jambo jengine: mwalimu wako wa gari amekufundisha kufaulu, na hiyo ndiyo kazi yake. Kurudi nyuma baina ya mapipa na kusimama kwenye mlima ni mitihani ya spidi ya kutembea kwa miguu. Baada ya leseni, umwombe baba akae pembeni yako kwa safari nzima ya Ibra na Nizwa, kwenda na kurudi, mara kadhaa, mchana. Ujifunze kuingia barabara kuu kutoka kwenye mteremko wa kuingilia bila kusimama mwishoni, kupisha anayekupigia taa bila kutetemeka, na kuacha nafasi ya sekunde tatu mbele yako hata kama wenye haraka watakuchomekea. Kama baba alijifunza gari Zanzibar au Tanga, kushoto, mwambie kwa upole asikuelekeze kwenye mzunguko. Huko mkono wake bado una mazoea ya ujana.

Wenzako chuoni watataka kupanda Jabal Akhdar. Kizuizi cha polisi kiko Birkat al-Mawz, jirani kabisa na Chuo Kikuu cha Nizwa, na gari isiyo ya magurudumu manne ya kuvuta hairuhusiwi kupanda. Mshukuruni askari, mwende siku nyengine na mtu mwenye gari hiyo. Hapo ndipo Prado ya baba ina kazi yake, na baba mwenyewe kwenye usukani.

Kwa hivyo, mdogo wangu wa Ibra, hukumu yangu ni hii: sedani ya daraja la Corolla, ya Ghuba, si ya wared, ya miaka mitatu au minne, yenye mfumo wa kuzuia kuteleza na mifuko sita, nyeupe kama unavyotaka, na matairi mapya. Bluetooth itakuwemo. Kaka zako wafanye kazi moja ya maana: wakuchukulie siku mbili za kuzunguka nawe, na gari mnayoipenda muipeleke kwa fundi asiyejuana na muuzaji, adhuhuri, kiyoyozi kikiwa juu, mkaipandishe mlimani kisha mtazame mshale wa joto. Na msitoe arabuni siku hiyo hiyo, hata muuzaji akiapa kwamba kuna mtu anakuja na pesa taslimu baada ya Isha.